Barza ya Nyuzi Nne: besi lipi, pedali ipi, na pesa ianzie wapi

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na habari za besi, na nimezisoma kwa furaha. Miaka yote wasomaji wa ukurasa huu huniuliza gitaa la solo na kinanda, besi likibaki nyuma. Mimi nilianza na dablebesi la kusimama, nikiwa na miaka 16, katika kikundi cha taarab mtaani kwetu Vuga. Nikaingia kwenye gitaa la besi harusi zilipoanza kutaka vinanda na spika kubwa, na mpaka leo hupiga hotelini mara tatu kwa wiki. Ninayoyajibu hapa nimeyashika kwa vidole vyangu. Barua tatu za mwanzo nimezipa nafasi kubwa kwa sababu zinagusa watu wengi.

SWALI: Shikamoo Maalim. Mimi ni kijana wa Kikwajuni, nina miaka 22, nimejifunzia gitaa la kuazima. Nimekusanya laki saba na nimepata mawili. Moja ni Squier Precision Bass la mkono wa pili, limekwaruzika na rangi imebanduka kwa chini, mwenyewe anataka laki sita na nusu. La pili ni jipya, nyuzi tano, lina betri ndani, linang'aa kama gari la bwana harusi, ila jina lake sijapata kulisikia. Hilo ni laki saba kamili. Rafiki zangu wote wanasema nichukue la nyuzi tano. Nichukue lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijakwambia lipi, rudi ukayatizame yote mawili, na safari hii nenda peke yako. Chukua simu yenye programu ya kutyuni na kadi ya vocha ya kukwangua iliyokwishatumika.

Tyuni kwanza, nyuzi zote, mpaka zitulie. Shingo ya gitaa lililolegezwa nyuzi haikwambii kitu. Kisha bana uzi mnene, ule wa E, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza ubao wa shingo) kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Uzi sasa umekuwa rula. Inama utizame katikati, karibu na freti ya saba: utaona upenyo mdogo kati ya uzi na freti. Mwombe mwenye gitaa aipitishe kadi yako hapo. Ikipita kwa kugusagusa, shingo iko sawa. Ikipita bila ya kugusa chochote na bado pana nafasi, shingo imepinda kwa mbele. Isipoingia kabisa, imenyooka mno au imepinda kwa nyuma. Yote mawili yana dawa. Ndani ya shingo mna nondo nyembamba ya chuma, na fundi mwenye alenki huikaza au kuilegeza, robo mzunguko, akasubiri, akatizama tena.

Kisicho na dawa ya bei nafuu ni shingo iliyosokoteka. Liinue gitaa, weka jicho upande wa daraja, kile chuma cha chini zinakofungwa nyuzi, utizame kuelekea kichwani, kama seremala anavyoutizama ubao. Freti zilale sambamba zote, kama vipago vya ngazi. Ukiona za karibu zimeinamia kushoto na za mbali zimeinamia kulia, mrudishie mwenyewe gitaa lake, mshukuru, uondoke.

Mimi la kusokoteka nililinunua. Mwaka 1996 nilivuka kwenda Dar es Salaam na pesa za harusi saba mfukoni, nikaingia duka moja nikaona besi jekundu lililonifanya nisahau kila nilichofundishwa. Nyuzi zake zilikuwa zimelegezwa. Muuzaji akanambia huwa wanazilegeza kwa ajili ya safari, nikamwamini. Nilipozikaza nyumbani, uzi wa G ukawa unagonga vyuma kutoka freti ya tano kwenda juu. Nikarudi wiki ya pili, akasema hanijui. Besi lile nililipiga miaka minne kwa kutumia freti nne za mwanzo tu, maana jengine sikuwa nalo, na bado naumia nikikumbuka. Ndiyo maana nimekwambia tyuni kwanza.

Ukimaliza shingo, angalia kama gitaa linasema kweli. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, bila ya kuubana, upige, utasikia ile sauti nyembamba kama kengele. Kisha ubane hapo hapo upige tena. Simu ikwambie ni sauti moja. Zikipishana kidogo, kuna parafujo za kurekebisha kwenye daraja. Zikipishana na parafujo zimeganda kwa kutu, hiyo ni sababu ya kuomba bei ipungue.

Sasa tuje kwenye tofauti ya haya mawili. Precision ni mpango wa Leo Fender wa California, la kwanza lilitoka mwaka 1951. Mwaka 1957 akaibadilisha pikapu, yaani ile sumaku iliyozungushiwa waya inayokaa chini ya nyuzi, akaikata vipande viwili. Vipande hivyo vimetengenezwa kwa kukabiliana, hivyo uvumi wa umeme unaoingia kwa kimoja hufutwa na mwenzake, sauti ya nyuzi ikabaki. Kwa wapigaji wa hapa Mjini jambo hili ni kubwa. Kumbi zetu zina mafriji, mafeni na taa za rangi, na vyote hivyo huimba ndani ya pikapu ya koili moja. Ukija kukutana na Jazz Bass, lililofuata mwaka 1960, lile lina pikapu mbili na sauti yake ni kali na yenye kuchagua zaidi, zuri mno, lakini uvumi hunyamaza pale tu unapofungua volyumu zote mbili sawasawa.

La nyuzi tano lina B ya chini, kama mitetemo 31 kwa sekunde, wakati E yako ni 41. Kwenye gitaa la bei ndogo uzi ule wa B huwa ndio mtihani. Bana B kwenye freti ya tano upige, kisha piga E wazi. Noti ni ile ile moja. Zikitoka kama mtu mmoja anayezungumza, gitaa limetengenezwa vizuri. Ya kwanza ikitoka legelege na kuvimba, huo uzi wa tano umeulipia bure. Na jiulize utautumia wapi. Kama ni nyimbo mbili tatu zinazoshuka mpaka D, legeza E yako mpaka D upige.

Betri ya volti 9 iliyo ndani si dhambi, huipa sauti nguvu na ukapata vifundo vya kuongeza besi na kali. Lakini kumbuka gitaa la namna hiyo huwashwa na jeki yenyewe: ukizoea kuuacha waya umechomekwa, betri huliwa hata hupigi, na besi hufa katikati ya harusi.

Uamuzi wangu: kama shingo ya lile lililokwaruzika itapita mitihani, lichukue. Mikwaruzo haina sauti. Elfu hamsini itakayobaki inunulie nyuzi mpya na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kikwajuni mnapata upepo wa bahari moja kwa moja, na chumvi hula chuma hata ndani ya mfuko. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko zilizopakwa nikeli. Kila ukimaliza kupiga, zipanguse kwa kitambaa cha pamba mpaka chini yake, kidole kikipita baina ya uzi na ubao. Parafujo za daraja zipe tone moja la mafuta kila mwanzo wa masika.

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Napiga besi katika kikundi cha taarab asilia hapa Wete. Dablebesi letu limepasuka tumboni na hatujapata fundi. Tuna gitaa la besi la kawaida. Wenzangu wanataka tuzing'oe freti zake ili tupige maqamu, zile ngazi za noti za Kiarabu, sawasawa. Wengine wanasema ipo pedali, kile kifaa cha kukanyaga cha kubadilisha sauti, inayoligeuza gitaa likatoa sauti ya dablebesi. Tufanye lipi?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Nakuomba, freti msizing'oe kwa sasa. Najua Jaco Pastorius, Mmarekani aliyelifanya besi lisilo na freti lisikike dunia nzima, alipigia Jazz Bass la mwaka 1962 lisilo na freti. Lakini ubao wa gitaa lenu ukishang'olewa hubaki na mifereji ya kujazwa na kusawazishwa, na nyinyi fundi wa kuziba ufa tu mmemkosa. Kama mtapata pesa, nunueni lililozaliwa bila ya freti na lenye mistari ya kuonesha mahali pake.

Tena kwa kazi yenu mahitaji ni madogo kuliko mnavyodhani. Chukua maqamu ya Rast kuanzia C. Noti za robo, yaani zinazokaa katikati ya noti mbili za gitaa, ni mbili tu: ile ya tatu, iliyo kati ya E na E bemoli, na ile ya saba, iliyo kati ya B na B bemoli. C, D, F, G na A zote zimo ndani ya gitaa lenu kama lilivyo. Besi la taarab kazi yake kubwa ni kuishika C na G chini ya dumbaki, na kusindikiza kwa F. Noti ya tatu waachie kanuni, fidla na mwimbaji, wao ndio wenye mamlaka nayo. Ukiigusa E ya freti wakati mwimbaji anatua kwenye robo, umemgombanisha na watazamaji. Iruke. Bayati kuanzia D ni hivyo hivyo: ya hatari ni noti ya pili, basi tembea D, F, G, A.

Siku mtakayopata lisilo na freti, ile noti ya tatu ya Rast itafute kwenye uzi wa A, katikati ya mstari wa sita na wa saba. Kwenye gitaa lenye freti kidole hukaa nyuma ya chuma; kwenye lisilo na freti hukaa juu ya mstari wenyewe. Wengi hukosea hapo wiki za mwanzo, wakapiga chini ya noti na kulilaumu gitaa. Na usiutegemee mstari peke yake, msikilize mpiga kanuni, maana kila kikundi kina mahali pake pa kuiweka ile robo.

Kuhusu pedali ya dablebesi, nimejaribu kadhaa na hakuna hata moja iliyonipa nilichopata kwa kipande cha sponji. Kata sponji ya kuoshea vyombo, upana wa vidole viwili, urefu wa kuvuka nyuzi zote. Ichomeke chini ya nyuzi, ikigusana na daraja, iguse kila uzi kwa wepesi. Piga. Noti itatoka mviringo, itasema, kisha itakufa haraka, kama dablebesi linavyofanya linapochapwa kwa kidole. Ikifa mno, sogeza sponji nyuma kidogo. Funga kifundo cha toni mpaka nusu, na piga kwa nyama ya kidole gumba karibu na mwisho wa shingo, si kwa ncha za vidole juu ya pikapu.

Cha pili ni nyuzi. Zipo zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma badala ya waya wa mviringo, wauzaji huziita fletwaundi. Ukizipitisha kidole ni laini, hazikwaruzi, na sauti yake ni nzito bila ya mlio wa chuma. Ni ghali, ila hukaa miaka, kwa kuwa hazina vijia vya kuwekea jasho na chumvi. James Jamerson, aliyepiga besi katika rikodi nyingi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi za namna hiyo kwenye Precision, na sponji chini ya kifuniko cha daraja. Alitoka kwenye dablebesi, kama mimi na wewe, na akaja na masikio yake yale yale.

Lile dablebesi msilitupe wala msilipige misumari. Legezeni nyuzi kidogo kupunguza mzigo, lakini msizitoe zote, kwa sababu ndani mna kijiti kilichosimama kati ya uso na mgongo kwa kubanwa tu, bila ya gundi. Mkiondoa mzigo wote kitaanguka, na kukisimamisha tena kupitia tundu la uso ni kazi ya mtu anayeijua. Ufa wa tumboni huzibika. Liwekeni ndani, mbali na jua la dirishani.

SWALI: Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanamke, napiga besi kwenye bendi ya watu wanne hotelini Nungwi. Spika za hoteli ni mbili za inchi nane juu ya vigingi. Meneja analalamika besi haisikiki. Mpiga gitaa wetu ameniazima pedali zake mbili, ya oktava na ya distosheni. Nikiwasha oktava spika zinakoroma na bado sisikiki. Nikiwasha distosheni nasikika kama nyuki ndani ya chupa. Nina laki tatu. Ninunue pedali gani?

JIBU: Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu hali yako ndiyo hali ya kila mpiga besi wa hoteli za pwani, na wengi wanamaliza pesa kwa pedali zisizoweza kuwasaidia.

Anza na spika. E yako wazi ni mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya inchi nane haifiki huko kwa nguvu ya kusikika uwanjani. Pedali ya oktava huichukua ile E ikaishusha mara moja zaidi, mpaka mitetemo 20 na ushei, mpaka wa chini kabisa wa sikio la binadamu. Yaani umeiagiza spika ndogo itoe sauti ambayo hata masikio hayaipokei vyema. Karatasi ya spika inakwenda mbele na nyuma, amplifaya inamaliza nguvu zake, na muziki haupo. Pedali haina kosa. Oktava kama Boss OC-2 iliyotoka mwaka 1982 ni kitu kitamu, lakini inataka jukwaa lenye masabufa makubwa, mfano wa yale yanayofungwa kwenye tamasha la Sauti za Busara.

Fanya jaribio hili kwanza. Fungua wimbo wowote unaoujua besi yake, uusikilize kwa spika ya simu. Ile spika ni ndogo kama ukucha, haina uwezo wa mitetemo 41, na hata hivyo besi utaifuata noti kwa noti. Sababu yake ni kwamba kila uzi hutoa pamoja na noti yake ya msingi mitetemo ya juu yake, 82, 123, 164, na sikio likizipata hizo hujijazia lenyewe ile ya chini. Basi kazi yako hotelini ni kuzitia nguvu hizo za juu. Kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, punguza kifundo cha besi, ndiyo, punguza, na pandisha kile cha kati. Jukwaani utajiona umekuwa mwembamba. Mwombe mwenzako ashike noti moja, wewe teremka mpaka kwenye meza za mwisho karibu na mchanga usikilize. Mimi nilikataa ushauri huu karibu mwaka mzima, mpaka siku niliyokwenda kukaa kwenye meza ya mgeni nikasikia tofauti.

Distosheni ya mwenzako inakufanya nyuki kwa sababu imetengenezwa kwa gitaa: huitupa sauti ya chini na kuchoma ya juu. Besi inataka ukali kidogo sana, na inataka sauti safi ipite pembeni. Ukienda kununua pedali ya ukali, tafuta yenye kifundo cha kuchanganya sauti safi na iliyochomwa, mara nyingi huandikwa Blend. Isiyo na kifundo hicho iache.

Kwa laki tatu nakupa njia mbili. Ya kwanza ni priampu ya besi yenye tundu la kwenda moja kwa moja kwenye mikisa kwa waya wa pini tatu, ule wa maikrofoni. Iliyofungua njia hiyo ni SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21, tangu miaka ya 1990. Hutoa joto la amplifaya kubwa ndani ya kasha la kukanyaga. Mpya ni ghali kwa mfuko wako. Behringer BDI21 imeufuata mpango huo huo kwa bei ndogo, ila kasha lake ni la plastiki, likanyage kwa upole na ulifungie kwenye kibao. Njia ya pili ni Zoom B1 Four: ndani yake mna kompresa, korasi, oktava, ukali wa kila namna, tyuna na hata ngoma za kujifunzia, na inakwenda kwa betri nne za kawaida ukiwa nyumbani na headfoni. Haina tundu la pini tatu, na ukiwa jukwaani gizani kutafuta sauti kwenye kioo kidogo hupoteza muda.

Kwa mtu wa kujifunza chumbani ningesema Zoom bila ya kusita. Kwako wewe, mwenye kazi usiku huu na meneja anayelalamika, nunua priampu. Waya wa pini tatu utakuokoa na uvumi njiani kwenda kwenye mikisa, na kifundo chake cha ukali ukikiweka kwenye robo tu kitaziamsha zile 82 na 123 tulizozisema. Pesa itakayobaki nunua tyuna ya kukanyaga, inayokata sauti wakati unatyuni. Wageni wanakula, hawapendi kusikia ukikaza nyuzi. Kompresa ije baadaye, hiyo husawazisha noti kubwa na ndogo. Korasi ni nzuri kwa nyimbo za taratibu, lakini ikiwashwa muda wote huyeyusha noti.

SWALI: Maalim, binti yangu ana miaka 11, anataka besi. Mikono yake midogo. Nimsubirishe? Baba, Mwanakwerekwe.

JIBU: Usimsubirishe, bwana. Gitaa la besi la kawaida lina urefu wa uzi wa inchi 34, kutoka daraja mpaka kwenye kizuizi cha kichwani. Yapo ya inchi 30, ambayo hata watu wazima huyapenda. Paul McCartney alipata umaarufu na Höfner la umbo la fidla lenye urefu wa namna hiyo. Tofauti ya inchi nne utaiona kwenye freti ya kwanza, pale vidole vya mtoto hulazimika kutanuka zaidi. Mkalishe kwenye kiti, alikumbatie, aguse freti ya kwanza bila ya kunyanyua bega. Akiweza, ni lake. Na mpe mwalimu mapema; DCMA, chuo cha muziki cha nchi za jahazi, imekuwa ikifundisha muziki hapa Unguja tangu mwaka 2002, anza kuulizia huko.

SWALI: Maalim, tuko Paje. Nina pedali tano kwenye adapta moja ya waya wa matawi. Zote zikiwaka kuna mlio kama mbu. Nikishika nyuzi unapungua. Na mara nyengine mwimbaji wetu, ambaye pia hupiga gitaa, hupigwa shoti mdomoni. Ni pedali mbovu?

JIBU: Ndugu yangu, umeniletea mambo matatu katika barua moja, na la mwisho ndilo la kwanza.

Shoti ya mdomoni si ya kuzoea. Maana yake gitaa lake na maikrofoni haviko kwenye arthi moja, na yeye ndiye waya unaoviunganisha, tena miguu yake iko kwenye mchanga wenye maji ya chumvi. Tizameni plagi za amplifaya. Kwetu watu huchomeka plagi ya pini mbili kwa kuisukumia kijiti kwenye tundu la juu, au huikata ile pini ya arthi ili mlio upungue. Mlio hupungua kweli, na kinga ya mpigaji imeondoka nao. Mimi nilirushwa hivyo katika hoteli moja ya pwani mwaka 2011, mkono wa kushoto ukafa ganzi mpaka alfajiri, na amplifaya ile ilikuwa imekatwa pini na mtu aliyetaka kutusaidia. Amplifaya na mikisa zote zichukue umeme kwenye soketi moja yenye arthi nzima, kwa kebo moja ya kugawia. Kama mlio unabaki, priampu na maboksi mengi ya DI, yale ya kupeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa, yana swichi ya kukata arthi ya waya wa sauti peke yake. Hiyo ni salama. Pini ya plagi isiguswe.

Mlio unaopungua ukishika nyuzi ni wa kawaida, mwili wako unaacha kuusambaza uvumi kwenye gitaa. Ukiwa mkubwa, fundi afunike tundu la pikapu kwa karatasi ya shaba na kuilehemu kwenye arthi.

Mbu ni wa adapta. Toa pedali zote, tia moja kwa betri, sikiliza. Ukimya? Basi rudisha kwenye adapta moja moja mpaka mbu arudi. Nina hakika atarudi na pedali ya dijitali, kwa kuwa hizo hula umeme mwingi, miliampea 100 na pengine mpaka 500, na hutapika kelele kwenye waya wanaoutumia wenzake. Hiyo ipe adapta yake peke yake, zile za analogi zibaki kwenye matawi. Hakikisha volti ni 9 na hasi iko katikati ya plagi, kama alama ndogo ya duara iliyochorwa ubavuni inavyoonesha. Katika giza la miezi mitatu Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipiga harusi zote kwa jenereta, na kila ilipoyumba pedali yangu ya dijitali ilizimika ikaanza upya, ya analogi yenye betri ikaendelea. Tangu hapo sitoki nyumbani bila ya betri mbili za volti 9 mfukoni.

Usiku wa leo, kabla mwimbaji wenu hajapanda, mwiteni fundi umeme na testa yake. Aiguse kwenye daraja la gitaa na kwenye kichwa cha maikrofoni, vyote vikiwa vimewashwa. Taa ya testa ikiwaka popote, zimeni kila kitu mpaka ajue kwa nini.